Bronkoskopu ya mara moja au ya kuosha: tumuulize anayeiosha

Mgonjwa wa UVIKO-19 aliye kwenye mashine ya kupumulia anaweza kubadilika ghafla. Oksijeni katika damu inashuka, mashine inapiga kelele, na picha ya eksirei inaonyesha pafu moja limesinyaa. Mara nyingi kisa huwa donge la makohozi mazito au damu iliyoganda, lililoziba njia ya hewa. Mrija wa kawaida wa kufyonza ukishindwa kulifikia, daktari huomba bronkoskopu, bomba jembamba linalopinda, lenye kamera nchani, linalopitishwa ndani ya mrija wa kupumulia mpaka kwenye matawi ya njia ya hewa. Kwa kifaa hichohicho huchukua sampuli za maabara, na hukitumia kuona ndani anapotoboa koo la mgonjwa atakayekaa muda mrefu kwenye mashine.

Mjapani Shigeto Ikeda alileta bronkoskopu inayopinda katika miaka ya 1960, na kwa miongo mingi ilikuwa kifaa cha kutumia, kuosha na kutumia tena. Mwaka 2009 kampuni ya Ambu ya Denmark ikaingiza sokoni ya kutumia mara moja na kutupa. Janga lilipotangazwa Machi 2020, chama cha madaktari wa Marekani wanaofanya vipimo vya bronkoskopu, AABIP, kilishauri kipimo chenyewe kiepukwe kwa wagonjwa wa UVIKO-19 inapowezekana, maana kinamkohoza mgonjwa na kurusha chembechembe hewani. Kikishindikana kuepukwa, kitangulizwe kifaa cha kutupa.

Wengi walidhani sababu ni kwamba virusi vya korona haviondoki kwenye kifaa kilichooshwa. Sivyo. Virusi hivi vimefunikwa kwa utando wa mafuta, na dawa kali za kutakasia vifaa huviua bila taabu. Hatari ilikuwa kabla ya dawa, katika safari ya kifaa kichafu kutoka kitandani hadi kwenye sinki, na mikononi mwa watu walio njiani.

Safari hiyo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kifaa kikitoka tu kwa mgonjwa, muuguzi hukipangusa na kufyonza maji yenye sabuni maalumu kupitia tundu lake, kabla makohozi hayajakauka. Hubebwa kwenye chombo kilichofungwa. Huko kwenye kuoshea hupulizwa hewa ndani na kuzamishwa majini kuona kama kinavuja, maana ngozi yake ikitoboka uchafu huingia mahali ambapo hakuna brashi inayofika. Kisha tundu la ndani, jembamba kuliko mrija wa kunywea soda, husuguliwa kwa brashi ndefu mpaka brashi itoke safi. Kinasuuzwa, kinaloweshwa kwenye dawa kwa muda uliopangwa, kinasuuzwa tena, kinapulizwa hewa mpaka kikauke kabisa, ndipo kinatundikwa kabatini. Kukausha ndiko huharakishwa kuliko hatua zote, na unyevu uliobaki ndani hulea bakteria usiku kucha.

Anayesugua ndiye anayerukiwa na maji machafu usoni. Mwaka 2020 alikuwa akifanya hivyo huku barakoa zikigawiwa kwa hesabu na wenzake wakiugua.

Hata pasipo janga, kuosha hukosewa. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikagua bronkoskopu 24 katika hospitali tatu, na 14 kati yake zilikutwa na vimelea hai baada ya kupita hatua zote za kutakaswa. Mwaka 2001, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, bakteria aina ya Pseudomonas walienea kwa wagonjwa, na chanzo kikawa kifuniko kilicholegea kwenye bronkoskopu zenyewe, kasoro ya kiwandani ambayo muoshaji asingeweza kuirekebisha kwa kusugua. Kwetu Afrika Mashariki kisa kinachonitisha zaidi ni cha South Carolina katika miaka ya 1990, ambako kifua kikuu sugu kilipita kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa wengine kupitia bronkoskopu. Bakteria wa kifua kikuu wana ganda lenye nta na huvumilia dawa kuliko korona.

Juni 2021 mamlaka ya FDA ya Marekani ilishauri hospitali zifikirie kifaa cha kutupa pale hatari ya kueneza maambukizi ni kubwa, au pasipo na mtu wa kukiosha papo hapo. Kwa maoni yangu, sharti hilo la pili ndilo zito. Hospitali inayofanya vipimo vichache kwa mwezi, ambayo saa nane usiku haina mtu aliyefunzwa kuosha, inalipa ghali kwa kifaa cha kudumu, kwa sababu bei yake lazima ijumlishwe na dawa, matengenezo na mshahara wa mtu huyo. Hospitali ya rufaa yenye vipimo kila siku itaona hesabu ikigeuka, maana kila cha kutupa ni mamia ya dola. Tena zipo kazi, kama kuchukua vinyama kwenye tezi kwa kuongozwa na ultrasaundi, ambazo bado zinahitaji vifaa vya kudumu.

Na cha kutupa hutegemea meli na ndege. Mipaka ikifungwa, stoo hukauka. Kikishatumika kinabaki taka ya plastiki na elektroniki yenye maambukizi, na tanuri dogo la hospitali ya wilaya halikujengwa kuchoma taka ya namna hiyo bila kutoa moshi wenye sumu.

Katika uhaba huo huzaliwa kishawishi cha kukiosha cha kutupa na kukirudisha kwa mgonjwa mwingine. Kisifanyiwe hivyo. Gundi na plastiki yake havikutengenezwa kustahimili dawa kali, na hakuna utaratibu wa kiwanda wa kukitakasa wala wa kujua kama kinavuja. Wa kwanza kugundua kwamba kimepasuka ndani atakuwa mgonjwa wa pili, ambaye tayari anapumuliwa na mashine.