Je, Wajua Kibao cha Samaki Kilianzia Baharini?

Katika maduka ya Lamu na Unguja utaviona vimetundikwa ukutani: vibao vya mbao kuukuu vilivyokatwa kwa umbo la samaki kama taa, nguru au kolekole, vimechongwa neno "Karibu" au jina la nyumba. Wengi hudhani ni mapambo ya watalii tu. Mimi navipenda kwa sababu mbao yenyewe ilikuwa chombo. Mashua au jahazi likishachakaa hata halitengenezeki tena, hubomolewa, na mafundi huchukua mbao zake kwa kazi nyingine.

Tazama kwa karibu. Penye tundu la msumari pana duara jeusi lililoingia ndani ya mbao. Huo si uchafu, na msasa hauutoi. Miti mingi ina tanini, na tanini ikikutana na chuma na maji huzaa rangi nyeusi isiyofutika. Wino wa zamani wa kuandikia vitabu ulipikwa kwa kemia hiyo hiyo.

Kisha kuna mifereji myembamba inayofuata nyuzi za mbao, mingine imepakwa kitu cheupe kama chokaa. Aliyeichimba ni teredo. Umbo lake ni la mnyoo, lakini kwa ukoo ni jamaa ya chaza na kome. Magamba yake mawili, madogo mno, yako kichwani, naye huyatumia kukwangua mbao. Bakteria walio katika matamvua yake humsaidia kuimeng'enya. Huingia akiwa mdogo kupitia kitundu ambacho jicho hukipita, akanenepea humo humo, kwa hiyo ubao unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani umeliwa. Ndiyo sababu manahodha hupandisha vyombo pwani, wakavichoma kwa moto wa makuti upande wa chini na kuvipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Mhandisi Marc Brunel alisema alijifunza kwa mdudu huyu alipobuni ngao ya kuchimbia handaki, akaipatia hataza mwaka 1818. Handaki lake chini ya mto Thames, London, lilifunguliwa mwaka 1843.

Sasa mfikirie fundi aliyekulia ufukweni, aliyeshika mshipi kabla hajashika patasi. Kolekole wake atakuwa na paji lililosimama wima, na karibu na mkia ataweka ule mstari wa magamba magumu, yale yanayokwaruza kiganja cha mtoto anapomshika samaki vibaya. Aliyemjua kolekole kwa picha tu huusahau mstari huo. Kwangu mimi, hapo ndipo kazi nzuri inapojitenga na nyingine, na naumia nikiona fundi hodari analazimishwa na mnunuzi alainishe kila kitu kwa randa mpaka mbao ibaki uchi.

Siku hizi zipo pia mbao mpya zinazopakwa rangi na kukwaruzwa ili zionekane kongwe. Ukitaka kununua, geuza kibao utazame kingo. Rangi ya chombo huwa na tabaka: buluu juu ya nyeupe, nyeupe juu ya kijani, maana chombo hupakwa tena na tena. Katika nyufa huenda ukakuta pamba ya kalafati bado imeshindiliwa. Halafu muulize fundi ubao ulitoka omo (mbele), tezi (nyuma) au ubavuni. Aliyeung'oa mwenyewe atakujibu papo hapo.