Bango la Filamu Ukutani Elburgon: Mbao ni Rahisi, Kioo Ndicho Hesabu

Anayetaka kutundika bango la zamani la filamu sebuleni mwake Elburgon ana nafuu ambayo mwenzake wa Nairobi hana: mbao ziko mlangoni. Mji huu umekula kwa mbao tangu zamani. Reli ya Nakuru kwenda Kisumu inapita hapa kati ya Njoro na Molo, kampuni ya mbao ya Timsales ina kiwanda chake hapa hapa, na fundi wa samani humtafuti siku nzima. Ndiyo maana wengi huanza kwa kuulizia bei ya fremu, wakidhani pesa nyingi zitaenda huko. Ukikaa na kalamu utaona kwamba mbao ni sehemu ndogo ya hesabu. Pesa iko kwenye kioo, na hasara iko kwenye gundi na kwenye ukuta wenye unyevu.

Kwanza, bango lenyewe. Filamu zilizopigwa Kenya zina mabango yanayopendwa duniani kote: *Mogambo* ya 1953, yenye Clark Gable na Ava Gardner, na *Out of Africa* ya 1985. Kwa mtu wa kaunti ya Nakuru, *Born Free* ya 1966 ina uzito wake, kwa sababu Joy Adamson, aliyeandika kitabu kilichozaa filamu hiyo, aliishi Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha, ndani ya kaunti hii hii. Kuna pia *Sholay* ya 1975 na *Enter the Dragon* ya 1973, ambazo watu wa rika la wazazi wetu walizijua kwa moyo. Na kuna kazi zetu wenyewe: *Kolormask* ya Sao Gamba ya 1986 na *Saikati* ya Anne Mungai ya 1992. Mimi ningeanza na hizi mbili za mwisho kabla ya Gable na Gardner.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, jua kama ulicho nacho ni bango halisi au nakala, maana kila uamuzi unaofuata unategemea jibu hilo. Bango la kawaida la Marekani la miaka hiyo lina inchi 27 kwa 41. La Uingereza hulala, inchi 40 kwa 30. Kuanzia 1940 hadi miaka ya themanini, mabango mengi ya Marekani yalisambazwa na kampuni iitwayo National Screen Service, na chini yake, karibu na pembe, huwa na namba inayoanza na mwaka, kwa mfano 66 kwa filamu ya 1966. Yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa, kwa hiyo mikunjo ya zamani isikutie huzuni. Ni dalili njema. Bango la *Mogambo* lisilo na mkunjo, lenye karatasi inayong'aa na kipimo cha inchi 24 kwa 36, karibu kila mara ni nakala. Hakuna ubaya kuwa na nakala. Ubaya ni kulipia nakala bei ya bango halisi, au kulitendea bango halisi kama nakala.

Sasa hesabu. Chukua bango la inchi 27 kwa 41. Mzunguko wake ni inchi 136, yaani zaidi kidogo ya futi 11. Ukiongeza upana wa mbao na kinachopotea kwenye pembe, nunua futi 14. Eneo lake linakaribia futi za mraba 8. Tuseme mbao ya saipresi ya mbili kwa moja, iliyopigwa randa, ni shilingi 30 kwa futi: hiyo ni 420. Tuseme kioo cha milimita 3 ni 150 kwa futi ya mraba: hiyo ni 1,200. Hadibodi ya mgongoni huuzwa kwa karatasi nzima ya futi 8 kwa 4, na karatasi moja inatoa migongo mitatu ya kipimo hiki. Ikiwa ni 1,000, wakigawana watu watatu, kila mmoja anatoa kama 340. Ongeza 300 za karatasi safi ya kuweka nyuma ya bango, 100 za ndoano na waya, na 600 za fundi. Jumla ni 2,960. Bei hizi ni za kufanyia hesabu tu, kwa hiyo weka za duka lako mahali pake. Mgawanyo haubadiliki sana: mbao ni kama moja ya saba ya gharama, kioo pekee ni zaidi ya theluthi moja.

Kwa hiyo mtu akikwambia utumie mbao za bei ya chini zaidi ili kuokoa, anakuokolea mia moja na kukuharibia elfu tatu. Shida ya mbao zetu ni ubichi. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, viwanda vidogo vya Elburgon na Molo vilifunga na watu wakakosa kazi. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza akiwa Molo kwamba marufuku hiyo imeondolewa. Baada ya uhaba kama huo mbao hutafutwa sana, na zinapotafutwa sana huuzwa zikiwa bado na maji. Fremu ya mbao mbichi huonekana nzuri siku ya kuichukua. Baada ya majuma machache mbao hunywea, pembe za nyuzi 45 huachana, na kioo hulegea. Mwombe fundi mbao iliyokaa kwenye ghala lake kwa miezi kadhaa, iliyopangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Ishike mkononi: saipresi kavu ni nyepesi kuliko unavyotarajia. Kama hana, lipia mbao leo, mwachie zikauke, urudi baadaye. Umwambie pia akate ngazi upande wa ndani wa fremu, yenye kina cha kutosha kubeba kioo, nafasi ya hewa, bango na ubao wa mgongoni. Mafundi wengi hutengeneza ngazi ya kina cha kioo na picha tu, kwa sababu ndivyo picha za harusi hufanywa.

Hiyo nafasi ya hewa ina maana. Bango likigusa kioo, asubuhi ya baridi ya Julai unyevu hujikusanya upande wa ndani, karatasi hushika, na siku utakayolitoa wino utabaki kwenye kioo. Ukanda mwembamba wa mbao au plastiki wa milimita 3, uliofichwa chini ya ukingo wa fremu pande zote nne, unatosha kutenganisha. Gharama yake ni ndogo mno, na ndiyo kinga ambayo watu husahau kuliko zote.

Kioo au akriliki? Kioo cha milimita 3 cha kipimo hiki kina uzito wa zaidi ya kilo 5. Cha milimita 4 kina kama kilo 7. Akriliki ya milimita 3 haifiki kilo 3. Kwenye ukuta wa mawe kilo 5 si kitu, parafujo moja nzuri na plagi yake inabeba. Kwenye nyumba za mbao, ambazo bado ni nyingi hapa, lazima upate mhimili nyuma ya ubao, vinginevyo msumari utang'oka usiku. Akriliki haivunjiki kwenye matatu kutoka Nakuru, na nyumba yenye watoto wanaocheza mpira sebuleni inaihitaji. Lakini huchubuka, huvuta vumbi, na bei yake kwa futi huwa juu ya kioo mara kadhaa. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia huitia ukungu. Tumia maji na kitambaa laini. Ukiitaka kwa bei nafuu, waulize wanaotengeneza mabango ya maduka Nakuru mjini kama wana vipande vilivyobaki. Kwa nyumba nyingi za Elburgon nachagua kioo cha kawaida cha dirisha cha milimita 3, kikatwe kwenye hadiwea ya karibu, usafiri mfupi.

Sasa gundi, na hapa nasema kwa ukali. Studio nyingi za picha zitakupa huduma ya kubandika picha juu ya ubao wa MDF na kuifunika kwa plastiki. Ni nafuu, ni nyepesi, haina kioo, na kwa nakala uliyochapisha mwenyewe ni chaguo zuri kabisa. Kwa bango halisi ni kifo. Haliwezi kutolewa tena, asidi na kemikali za ubao hupenya kwenye karatasi, na thamani yake inaisha siku hiyo hiyo. Laminesheni ni hivyo hivyo. Selotepu nayo huacha doa la manjano lisilotoka. Bango halisi linashikwa kwa vipande viwili tu vya karatasi nyembamba, juu upande wa nyuma, kwa uji mzito wa unga wa ngano, ambao hulainika kwa maji siku ukitaka kulitoa. Liachwe lining'inie huru chini. Kati yake na hadibodi weka karatasi ya kuchorea kwa rangi ya maji iliyoandikwa kwamba haina asidi. Na ukitaka kinga zaidi, tandaza foili ya jikoni kati ya karatasi hiyo na hadibodi.

Kama elfu tatu ni nyingi, kuna njia ninayoipenda zaidi: acha bango kubwa, tafuta kadi za filamu, zile picha ndogo zilizowekwa kwenye ukumbi wa sinema, zenye inchi 11 kwa 14. Kioo cha bango moja kubwa kinatosha kadi tano. Kadi moja inahitaji kama futi 6 za mbao na futi moja na kidogo ya kioo, na kwa bei zile zile za mfano itakuwa kama elfu moja pamoja na fundi. Nakala nayo inaweza kuning'inizwa kati ya vijiti viwili vya mbao juu na viwili chini, vinavyobana karatasi kwa parafujo. Hiyo ni njia ya mia chache, mradi ujue vumbi na moshi vitaila. Wenye bango halisi na pesa kidogo walipige picha vizuri, wachapishe nakala ya A2 au A1 ya kutundika, na lenyewe walihifadhi likiwa limelala bapa.

Ukuta usichaguliwe kwa macho tu. Elburgon iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua linaloingia ndani ni la madirisha ya mashariki na magharibi. Ukuta unaotazamana nayo utapausha rangi nyekundu na njano kabla ya nyingine. Epuka ukuta wa nje wenye kunyonya mvua, epuka juu ya jiko la makaa, na kama nyumba haina dari, tazama asubuhi matone ya mabati yanaangukia wapi. Bandika vipande vya raba ya slipa kuukuu kwenye pembe mbili za chini nyuma ya fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta.

Uamuzi wangu basi: kwa nakala, MDF ya studio au vijiti, na usitumie zaidi ya hapo. Kwa bango halisi, saipresi kavu, kioo cha milimita 3, ukanda wa hewa, karatasi isiyo na asidi, bila gundi. Na kama nyumbani kwenu, kwenye sanduku la babu aliyewahi kufanya kazi sinema, limebaki bango la filamu ya Kenya, msilikimbize kwa fundi wala studio wiki hii. Lipigeni picha, lilazeni bapa kati ya karatasi safi mahali pakavu, kisha mtafute pesa ya kioo.