Kutembea na Jamaa na Kukusanya Mawe



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo lisilotaka fedha nyingi, nalo lafaa baba, mama na watoto pamoja. Jambo lenyewe ni kutembea kwa miguu milimani, mitoni na pwani, na kuokota mawe ili kujifunza habari za nchi. Huenda mtu akasema, "Mawe! Mawe nayaona kila siku. Ndiyo yavunjayo jembe langu." Ni kweli. Lakini kuona si kutambua. Nitaeleza mambo manne: namna za mawe, jinsi ya kuchagua mahali, mahali pasipookotwa kitu, na jinsi ya kuyaweka mawe nyumbani yawe na faida.

NAMNA TATU ZA MAWE

Namna ya kwanza ni mawe yaliyozaliwa na moto. Hapo kwanza yalikuwa uji wa moto chini ya ardhi, kisha yakapoa na kuwa magumu. Yale yaliyopoa polepole chini sana yana punje kubwa zionekanazo kwa macho. Hayo ndiyo matale. Mfano wake ni majabali makubwa yaliyopandana mjini Mwanza na kandokando ya ziwa, ambayo umri wake wapita miaka milioni 2,500. Yale yaliyotapikwa na milima ya moto hupoa upesi, kwa hiyo punje zake ni ndogo mno. Katika Bonde la Ufa, pande za Naivasha, uji mwingine ulipoa upesi hata ukawa kama kioo cheusi; wataalamu huliita jiwe hilo obsidiani. Pande hizo hizo hupatikana jiwe jepesi lenye matundu, ambalo watu husugulia nyayo, nalo likitiwa majini huelea. Mawe haya mawili hayafanani hata kidogo, walakini asili yake ni moja: la pili lilijaa hewa ya moto, likaumuka kama unga uliotiwa chachu.

Namna ya pili ni mawe ya mashapo, yaani mchanga, tope na mabaki ya viumbe vya majini yaliyolala tabaka juu ya tabaka hata yakashikana. Watu wa pwani wayajua sana, maana nyumba za kale za Lamu, Mombasa na Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Hata ile ngome ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 imesimama juu ya mwamba huo. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, yamo ndani ya mawe ya chokaa yaliyofanyika chini ya bahari zamani sana. Na yale magadi tupikiayo maharagwe huhesabika hapa pia: maji ya ziwa hukauka kwa jua, magadi yakabaki.

Namna ya tatu ni mawe yaliyogeuka. Yalikuwa ya namna nyingine, yakazikwa chini sana, yakapikwa kwa joto na kubanwa kwa uzito wa nchi hata yakabadili sura. Milima ya Taita, Pare, Usambara na Uluguru ina mengi ya namna hii. Hutambulika kwa mistari yake myeupe na myeusi, na mara nyingi kwa ulanga ung'aao juani. Vito vya tanzanaiti, vilivyotambuliwa mwaka 1967 huko Mererani, kusini ya Kilimanjaro, vilitoka katika mawe ya namna hiyo.

Ukitaka kulipima jiwe, huna haja ya chombo cha thamani. Likwaruze kwa ukucha. Likikubali, ni laini sana. Likikataa ukucha, jaribu ncha ya kisu. Na jiwe lenyewe likikwaruza kioo cha chupa, basi ni gumu kweli. Kisha kwangua unga kidogo ukaudondoshee siki. Unga ukitoa povu, dalili ni kwamba jiwe hilo lina chokaa.

KUCHAGUA MAHALI

Mahali pema pa kutazama mawe ni pale ardhi ilipofunuliwa. Panapo majani mengi na udongo mwingi, mawe yamefichwa. Basi tafuta mahali ambapo maji au mikono ya watu imekwisha kufanya kazi ya kuchimba.

Mto mdogo wakati wa kiangazi ni mwalimu mzuri. Maji yameleta mawe kutoka kila kilima kilicho juu, yakayaweka pamoja kama bidhaa sokoni. Watoto watazame umbo: jiwe lililoviringika limesafiri mbali na kusuguliwa njiani, lenye pembe kali halikutoka mbali. Wakipanda na mto wakiuliza, "Jiwe hili jekundu latoka wapi?" mwishowe huenda wakaufikia mwamba wenyewe, na furaha yao haitakuwa ndogo.

Pwani, nendeni maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, kwa kuwa ndipo maji yatokapo mbali na mwamba kuonekana. Mkiutazama mwamba wa pwani ya Kenya kwa makini, mtaona ndani yake matumbawe na makombe yaliyogeuka mawe. Wataalamu wasema sehemu kubwa ya mwamba huo ni ya miaka 125,000 hivi iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Basi anayesimama juu ya jabali kavu amesimama mahali ambapo samaki waliogelea. Lakini mjue saa ya maji kujaa, msije mkazungukwa.

Kando ya mashamba pia ni mahali pema, kwa sababu wakulima hukusanya mawe na kuyatupa mpakani. Ila kwanza piga hodi. Shamba lina mwenyewe, na mlima una wenyeji wake. Mwenyeji aliyeombwa kwa adabu hukupa ruhusa, hukuonyesha njia, na mara nyingi hukuambia jina la mlima na sababu ya jina hilo. Kuuliza si ujinga.

Tena, urefu wa safari hupimwa kwa miguu ya mtoto aliye mdogo kuliko wote. Mkitoka mna nguvu, kumbukeni kwamba kurudi ni mwendo ule ule, na mawe yamo mkobani. Chukueni maji ya kutosha, chakula, kofia, na nguo ya baridi kama mwaenda juu. Vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake chapita futi 8,000, vina upepo mkali hata jua likiwaka. Mwambieni mtu aliyebaki nyumbani mwaenda wapi na mtarudi saa ngapi.

Msitie vidole chini ya jiwe kabla ya kuligeuza kwa fimbo, maana nge na nyoka hupenda kivuli. Apigaye jiwe kwa nyundo alifunike kwanza kwa kitambaa, na watoto wasimame mbali, ili vipande visiruke machoni. Wala msikae chini ya ukingo uliochimbwa. Udongo huanguka bila kutoa habari.

Hatari iliyo kubwa kuliko hizo ni mafuriko ya ghafula katika mabonde membamba. Mwaka 2012 vijana saba walikufa katika bonde la Hell's Gate, karibu na Naivasha, walipochukuliwa na maji. Na mwaka 2019 watu wengine walikufa katika bonde hilo hilo kwa sababu ile ile. Katika mabonde ya namna hiyo yawezekana jua kuwaka juu ya kichwa chako, na huku mvua inanyesha milimani usikokuona. Maji hukusanyika yakashuka kama ukuta. Basi majira ya mvua msiingie kabisa katika bonde lenye kuta za mawe. Na siku yoyote mkiona maji yanabadilika rangi au mkisikia mvumo kutoka juu, pandeni mahali pa juu mara moja, mkaache mawe, mkoba na vyote.

MAHALI PA KUTAZAMA TU

Katika hifadhi za wanyama na za bahari hairuhusiwi kuchukua jiwe, kombe wala tumbawe. Matumbawe yaliyo hai yasivunjwe mahali popote, maana ndiyo nyumba ya samaki, na mvuvi ndiye atakayepata hasara. Vito na madini vina sheria zake. Asiye na leseni hana ruhusa ya kuvichimba. Tena, pana mawe yenye heshima kwa watu. Kit Mikayi, upande wa magharibi wa Kisumu, ni rundo la majabali makubwa. Jina hilo kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza, na watu huenda kusali hapo. Huko mbali, katika nchi ya Mbozi, kusini-magharibi ya Tanzania, kiko kimondo cha chuma chenye urefu wa futi 10 hivi, kilichoanguka kutoka mbinguni. Kama kila mgeni angekata kipande, mjukuu wake angekuta shimo tupu.

Na yale mawe yaliyochongwa na watu wa kale yasiguswe kamwe. Nchini Kenya yalindwa kwa sheria ya mwaka 2006, na Tanzania kwa sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Sababu ya sheria hizo nitaieleza kwa mfano mmoja. Huko Olorgesailie, katika njia ya kwenda Magadi kutoka Nairobi, Louis na Mary Leakey walikuta mwaka 1942 mashoka mengi ya mawe yametapakaa juu ya ardhi. Mengi yameachwa pale pale yalipolala, na mgeni hupita juu ya daraja la mbao akayatazama. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba katika nchi hiyo hiyo wamepata vyombo vya obsidiani vya miaka 300,000 hivi iliyopita. Sasa, jiwe hilo halizaliwi hapo. Asili yake ni mahali palipo mbali, maili 15 mpaka 30 na zaidi. Basi ilijulikana kwamba watu wa zamani zile walisafiri mbali kutafuta jiwe zuri, au walibadilishana mali na jirani zao.

Angalieni habari hiyo ilipatikanaje. Haikupatikana kwa sababu jiwe ni jeusi na lang'aa, bali kwa sababu lilikutwa mahali lilipoachwa. Kama mtoto angaliliokota akalitia mfukoni, akaja akalitupa uani kwake, lingalikuwa kipande cha kioo cheusi tu, na habari ya safari ya watu wale ingalipotea milele. Mkikuta kitu cha namna hiyo, au mfupa uliogeuka jiwe, kiacheni mahali pake, wekeni alama ya kupakumbuka, mkapeleke habari kwa mwalimu, kwa chifu au mtendaji wa kijiji, au kwa jumba la makumbusho.

KUYAWEKA NYUMBANI

Kwa sababu hiyo hiyo, hata mawe mliyoruhusiwa kuyachukua hayana faida bila maandiko. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kila jiwe lifungwe katika karatasi hapo hapo lilipookotwa, pamoja na kikaratasi chenye mambo manne: mahali, tarehe, jina la aliyeliokota, na lilivyolala, kama ni mtoni, mwambani au shambani. Nyumbani lioshwe, litiwe alama ndogo ya namba kwa rangi, na namba hiyo iandikwe daftarini. Sanduku la mbao, au katoni iliyogawanywa vyumba vidogo, yatosha kabisa kuyahifadhi.

Wala msichukue mengi. Moja la kila namna latosha. Mengine yaachieni watakaokuja. Mawe kumi na mawili ambayo mtoto ajua habari za kila moja yapita gunia zima lisilo na jina. Na shule ikikusanya hivyo kwa miaka michache, kila jamaa ikileta mawe ya upande wake, watoto watakuwa na picha ya wilaya yao waliyoitengeneza wenyewe, waijue nchi iliyo chini ya miguu yao kama wanavyoijua iliyo juu.

Basi Jumamosi ijayo, au siku ya mapumziko, chagueni kijito kilicho karibu, ombeni ruhusa kwa mwenyewe, mkaanze.