Tuchore Ramani Kabla ya Kushika Jembe

Mvua ya masika ikianza, mito yetu ya Tana ya juu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wa mashamba. Mwingi huishia Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, na kula nafasi ya maji.

Vikundi vingi hukimbilia kuziba korongo. Lakini korongo ni mwisho wa safari. Tutafute maji yalikoanzia. Tutembee pamoja toka kilimani hadi mtoni, mara tu baada ya mvua, tukiuliza kila mahali:

1. Mteremko ni mkali au mrefu?
2. Udongo unamomonyoka upesi?
3. Ardhi iko wazi, bila majani?
4. Hakuna matuta ya fanya juu wala mistari ya nyasi?

"Ndiyo" tatu au nne, tupake nyekundu kwenye ramani, mbili, manjano, chini ya hapo, kijani.

Kazi ianzie nyekundu iliyo juu kabisa, hata kama ni shamba la mwenyekiti. Tusioneane haya. Wa juu akiachwa, matuta ya wa chini yatabomoka, na jasho letu litakwenda na maji.