Dhana ya "Nyumba Yenye Intaneti" na Matatizo ya Kuipima

Takwimu zinazolinganisha nchi kwa wingi wa nyumba zenye intaneti husomwa mara nyingi kana kwamba neno "nyumba" lina maana moja kila mahali. Nchini Marekani nyumba hizo zilikuwa asilimia 18 mwaka 1997, na 41.5 mwaka 2000. Nchini Uingereza zilikuwa 57 mwaka 2006, zikafika 96 mwaka 2020. Huko waya wa simu ulikuwa umekwisha kuingia nyumbani kabla ya intaneti, kwa hiyo kuihesabu nyumba hakukuwa na utata mkubwa.

Kenya inaonyesha njia nyingine. Sensa ya mwaka 2019, miaka kumi baada ya nyaya za baharini kufika Mombasa, ilikuta intaneti katika asilimia 17.9 ya kaya, ilhali zenye kompyuta zilikuwa 8.8 tu. Ni dhahiri kwamba nyingi ziliipata kwa simu ya mkononi.

Hapo ndipo fasili inapoyumba. Kwa mujibu wa ITU, intaneti ya nyumbani ni ile inayoweza kutumiwa na watu wote wa nyumba wakati wowote. Mjini Kindu, simu yenye intaneti huweza kuwa moja, nayo hutoka asubuhi na mwenyewe, pengine ikavuka Lualaba kwa mtumbwi kwenda Alunguli. Mwanafunzi aliyebaki nyumbani na kazi yake ya shule hana kitu mpaka jioni, na jioni huenda "mega" zimekwisha. Karani mmoja ataandika "ndiyo", mwingine "hapana", na wote wawili watakuwa na hoja.

Msamiati nao huongeza utata. "Kaya", neno la takwimu za Kenya na Tanzania (na kwa Wamijikenda, makazi ya kale msituni), halimo katika mazungumzo ya kawaida ya Maniema. Ukiuliza juu ya "jamaa", ambayo kwa Kiswahili cha Kongo ni familia, anayejibu aweza kumhesabu hata mjomba aliye Goma.

Kwa kuwa sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, asilimia za nchi hii hutegemea makadirio na uchunguzi wa sampuli, na humo namna ya kuuliza ina uzito mkubwa. Swali lifaalo zaidi lingekuwa hili: jana, nani katika nyumba hii aliweza kutumia intaneti bila kungoja simu ya mwingine?