Kwa nini wenye kinga dhaifu wahitaji chanjo ya homa ya mafua

WAKAZI wengi wa Nakuru, Njoro na Molo huichukulia homa ya mafua kuwa adha ya msimu wa baridi tu. Lakini kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi, anayetibiwa saratani au aliyepandikizwa figo, ugonjwa huo waweza kuzua nimonia na kuhatarisha maisha.

Shirika la Afya Duniani (WHO) huwataja watu hao miongoni mwa wanaostahili kuchanjwa kila mwaka, kwani virusi vya mafua hubadilika mara kwa mara. Chanjo hiyo si ngeni Nakuru: mnamo 2019, kaunti hiyo na Mombasa zilichaguliwa kwa mradi wa majaribio uliolenga watoto wa miezi 6 hadi 23.

Chanjo ya sindano hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa au vipande vyake, hivyo haiwezi kumwambukiza mtu mafua. Ile ya kupuliziwa puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na haiwafai wenye kinga dhaifu.

Hata hivyo, mwili dhaifu huunda kinga haba, tena baada ya takriban wiki mbili. Ndiyo maana jamaa wanaoishi na mgonjwa hushauriwa wachanjwe pia, naye amwone daktari mara tu homa inapoanza.