Teknolojia ya kijani: tuulize inamwondolea nani uchafu gani

Treni mbili za kisasa zinatoka pwani yetu kuelekea bara. Ile ya Mombasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Nairobi mwaka 2017, inavutwa na injini za dizeli. Ile ya Dar es Salaam, iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, inavutwa na umeme. Mtu akisimama stesheni ataona jambo limekwisha: ile chafu, hii safi. Lakini umeme wa treni ya Dar unatoka gridi ya taifa, na gridi hiyo inalishwa na maji ya Mto Rufiji pamoja na gesi asilia ya Songosongo na Mtwara, ambayo nayo inachomwa. Na kila kontena linalopakiwa kwenye treni ya dizeli ya Mombasa ni lori moja lililopungua katika barabara kuu ya kwenda Nairobi. Tofauti ipo, tena kubwa, ila haionekani kwa kutazama behewa.

Zamani ubishi kama huu ungeishia kijiweni. Siku hizi una fedha ndani yake. Mwaka 2023 Benki ya CRDB ya Tanzania ilitoa hati fungani yake ya kijani ikilenga kukusanya shilingi bilioni 40, ikapata zaidi ya bilioni 171. Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ikatoa ya kwake, ya shilingi bilioni 53.12, ili kupanua huduma ya maji. Aprili 2025 Benki Kuu ya Kenya ikatoa mwongozo wa kuzisaidia benki kujua ni shughuli zipi zinastahili kuitwa za kijani. Mwalimu mstaafu, mwenye duka la pembejeo, chama cha kuweka na kukopa, wote wanaweza leo kuweka akiba yao kwenye kitu chenye jina hilo. Kwa hiyo anayepanga kipi kiingie kwenye orodha na kipi kibaki nje ndiye anayeamua fedha ziende wapi.

Ulaya wamelipanga jambo hili kwa njia mbili zinazofaa kutazamwa. Ofisi ya Hataza ya Ulaya, yenye makao makuu Munich, ilianza mwaka 2010 kuupa uvumbuzi wa aina hii alama ya Y02, na chini ya alama hiyo likajengwa fungu la nishati, la usafiri, la majengo, la viwanda, la taka, la kunasa hewa ukaa, na la kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Mpangilio huo unamsaidia mhandisi kutafuta uvumbuzi uliotangulia, lakini hausemi kama uvumbuzi wenyewe ni mzuri. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2020 ilikwenda mbali zaidi. Ilitaja malengo sita ya mazingira, ikasema shughuli itaitwa ya kijani ikiwa inachangia kwa dhati lengo mojawapo bila kuyaumiza kwa kiasi kikubwa matano yaliyobaki. Hilo sharti la pili ndilo ninalolipenda. Miaka miwili baadaye Umoja huohuo uliruhusu gesi asilia na nyuklia ziingie kwenye orodha kwa masharti, na bunge lao likagawanyika vibaya. Hata wenye wataalamu wengi wa sheria na sayansi hawajakubaliana.

Sisi tunaweza kuanzia mahali pengine. Badala ya kupanga kwa sekta, tupange kwa uchafu: teknolojia hii inaondoa uchafu gani, unaomuumiza nani, na yenyewe inaacha nini nyuma? Ukipanga hivyo, vitu vinavyowekwa kapu moja vinaachana, na vingine visivyopewa heshima vinapanda juu.

Tuanze na umeme, maana ndio unaopigiwa picha zaidi. Kenya imekwisha kufika mbali. Mtambo wa kwanza wa jotoardhi huko Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kuzalisha mwaka 1981. Visima vinachimbwa kilomita mbili tatu kwenda chini mpaka kwenye miamba ya moto, mvuke unapanda na kuzungusha mitambo, na maji yanayobaki yanarudishwa ardhini. Umeme huo haungoji mvua wala haukatiki jua likizama. Leo karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya unatokana na mvuke huo, maji, upepo na jua. Kwa kipimo cha moshi, hiyo ni teknolojia safi bila ubishi.

Kwa kipimo cha ardhi, hesabu inabadilika. Mwaka 2014 familia za Wamasai zilihamishwa kupisha upanuzi wa Olkaria, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia. Kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, ilisimikwa mitambo ya upepo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Ilikuwa tayari mwanzoni mwa 2017, ikakaa zaidi ya mwaka bila kutoa umeme kwa sababu njia ya kuusafirisha hadi Suswa ilikuwa haijakamilika. Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo zilipatikana bila kufuata utaratibu. Upepo hauna moshi, lakini minara imesimama kwenye malisho ya watu.

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ni mfano mgumu kuliko yote, na ni vyema tuuseme wazi. Mashine zake 9 zina uwezo wa megawati 2,115, na ya kwanza iliingia kwenye gridi mapema mwaka 2024. Nchi iliyozoea mgawo wa umeme imepata nafuu ya kweli. Lakini bwawa limejengwa ndani ya Selous, eneo lililowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982, na UNESCO ilipinga ujenzi huo waziwazi. Chini ya bwawa kuna delta yenye msitu mkubwa wa mikoko, unaotegemea maji baridi na tope linaloletwa na mto. Sidai kwamba lisingejengwa. Ninachodai ni kwamba umeme wake ni safi, na kwamba kuuita wa kijani kunahitaji kazi nyingine ambayo haijaisha: kuachilia maji kwa majira yanayofaa mikoko, wavuvi na wakulima wa mabondeni, na kuwaonyesha wananchi vipimo vyake.

Uchafu unaoua watu wengi zaidi kwetu, hata hivyo, hautoki kwenye mtambo wowote wa umeme. Unatoka jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani, wa kuni, mkaa, mafuta ya taa na mabaki ya mazao, unaua karibu watu milioni 3 duniani kila mwaka kwa nimonia, kiharusi, maradhi ya moyo na ya mapafu. Tanzania ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia Mei 2024, zaidi ya kaya nane katika kila kumi zilikuwa bado zinapikia kuni au mkaa. Mkakati unataka kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Siku chache baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya upishi safi Afrika. Mabwawa na minara hupata picha ya ukurasa wa mbele. Mama anayepuliza moto mtoto akiwa mgongoni hapati. Moshi anaouvuta haupo kwenye takwimu za umeme.

Hapa jikoni ndipo upangaji wetu unapofanya kazi yake. Chukua jiko la mkaa lenye udongo wa kuchomwa ndani na bati nje, lililosambazwa na mafundi wa jua kali wa Nairobi tangu miaka ya 1980 baada ya wazo lake kuchukuliwa kutoka Thailand na kurekebishwa. Udongo unazuia joto lisipotee, na mkaa unaookolewa ni kati ya asilimia 30 na 50 ukilinganisha na jiko la bati tupu. Kumbuka kwamba katika matanuri yetu ya kienyeji kilo moja ya mkaa hula kati ya kilo 5 na 10 za kuni. Jiko hilo limeokoa miti mingi. Hata hivyo ukilifungia ndani ya chumba bado litatoa hewa ya sumu ile ile inayoua watu usingizini wakati wa baridi. Liweke kwenye fungu la teknolojia za kubana matumizi. Limeusaidia msitu na mfuko wa mama, mapafu yake bado.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 uko upande wa pili. Ni mafuta ya petroli kwa asili yake, unaletwa kwa meli, na hakuna orodha kali ya kijani itakayoupokea kwa furaha. Lakini ukiingia kwenye chumba kilichokuwa na moshi, moshi unakwisha siku hiyo hiyo. Ni safi, si jadidifu. Mimi nauchagua bila kusita mbele ya gunia la mkaa, na naona hatendi haki mtu wa nchi tajiri anayemkataza mama wa Singida mtungi kwa sababu ya hewa ukaa ambayo mama huyo hakuijaza angani. Kikwazo cha mtungi ni malipo. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, gesi inadai fedha ya mtungi mzima kwa mkupuo. Ndiyo maana mitungi yenye mita, ambayo mtu analipia gesi kidogo kidogo kwa simu, ni uvumbuzi wa maana kuliko unavyosifiwa.

Jiko la presha la umeme linapika kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja ya umeme. Kwa wenye umeme wa uhakika, hapo ndipo safi na kijani vinapokutana, hasa Kenya ambako umeme wenyewe karibu wote hauna moshi. Kwa mfugaji kuna biogesi. Ng'ombe wawili au watatu wa kufungia zizini wanatosha mtambo mdogo: kinyesi na maji kwa kiasi sawa, tangi lisilopitisha hewa, bakteria wanafanya kazi, gesi inakwenda jikoni na tope linalobaki linakwenda shambani kuwa mbolea. CAMARTEC, kituo cha teknolojia za vijijini cha Arusha, kilianza kujenga mitambo hii miaka ya 1980. Moshi unaisha, mbolea inapatikana, msitu unapumua. Mitambo mingi iliyokufa imeuawa na ukosefu wa maji karibu na zizi na ukosefu wa fundi wa kuitengeneza. Fundi huyo angepaswa kuhesabiwa ndani ya teknolojia yenyewe.

Fungu la taka linahitaji macho zaidi kuliko yote, kwa sababu neno kuchakata linapita mlangoni bila kuulizwa. Huko Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa, kiwanda kilikuwa kinayeyusha betri chakavu ili kutoa madini ya risasi yatumike tena. Kwenye karatasi ni kazi ya kijani kabisa. Vumbi, moshi na maji yake viliingia kwenye makazi ya watu maelfu yaliyopakana na ukuta, na watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na mwanawe kuugua, aliongoza mapambano, akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilirejesha fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 kwa wakazi. Betri za aina hiyo ndizo zilizowekwa kwenye mifumo mingi ya sola ya majumbani, na sasa zinakuja betri za bodaboda za umeme kwa maelfu, Kigali na Nairobi kwanza. Muuzaji wa sola au pikipiki asiyeweza kusema betri iliyokufa inakwenda wapi bado hajakamilisha bidhaa yake.

Zipo pia teknolojia za kuhimili: umwagiliaji wa matone, mbegu zinazovumilia ukame, mabomba ya maji ya Tanga yaliyonunuliwa kwa hati fungani. Hizi haziondoi moshi wowote, na wapangaji wanaohesabu hewa ukaa peke yake huzisahau. Sisi tuliochangia kidogo sana joto hili hatuna sababu ya kuzisahau.

Msomaji anayetaka kununua hati fungani ya kijani afungue waraka wa toleo, atafute ukurasa unaosema fedha zitafanya nini, na asipouona aulize kabla ya kulipa. Na kila Juni mabunge yetu ya Afrika Mashariki husomewa bajeti. Mwulize mbunge wako fungu la nishati ya kupikia liko ukurasa gani, na ni shilingi ngapi.